Nilimpunguzia Mwanangu Mwaka Apate Jezi

Kwako Bwana Mshauri,

Nakusoma kila Jumamosi, na mara nyingi nimecheka shida za wengine, sasa zamu yangu imefika na sina la kucheka. Mimi ni mzee wa miaka hamsini na minne, mtunza ghala hapa Nakuru, na kosa langu nililitenda mchana, ofisini kwa hedimasta, nikiwa nimevaa koti langu la kanisani.

Mwanangu Ndung'u yuko darasa la sita katika shule moja kubwa ya kati hapa mjini, shule yenye wavulana zaidi ya mia sita na mipira minne, na kama hujawahi kuona wavulana mia sita wakigombea nafasi kumi na moja, basi fika uwanjani pale jioni moja, utawaona wengine wamekaa juu ya ukuta wakingoja aliye ndani aumie mguu ndipo waruke waingie. Ziko timu mbili, kubwa na ndogo, nazo hugawanywa kwa umri. Timu kubwa ni ya vijana wa darasa la nane, wengine wana ndevu, na mtoto mwembamba kama wangu atasukumwa tu huko. Tumaini lilikuwa timu ndogo, na humo ilibaki nafasi moja, winga ya kulia, na walioitaka walikuwa watatu: Ndung'u wangu, Karanja mwana wa rafiki yangu, na kijana mmoja aitwaye Kiplangat, ambaye sasa ndiye mchezaji wa akiba.

Lazima nikueleze habari ya huyo rafiki yangu. Baba Karanja na mimi tulitoka Nyeri kwa garimoshi moja mwaka wa 1929, tukafanya kazi katika shamba moja la pareto upande wa Molo kwa miaka ishirini na minne, na wana wetu walizaliwa humo, wiki moja, nyumba zetu zikitazamana, na kwa kuwa Mama Karanja alishikwa na homa, mke wangu Wanjugu aliwanyonyesha wote wawili mwezi mzima, huyu ziwa hili na yule ziwa lile. Mwaka wa 1953 tuliondolewa, nyumba zikabomolewa, na leo ukipita pale utaona ngano tu, hakuna hata jiwe la jiko la kuonyesha kwamba paliishi watu. Karatasi za kuzaliwa hatuna, hakuna aliyeziandika.

Basi Mwalimu Wasike, ndiye mwalimu wa michezo, alipoona ubishi wa umri umezidi aliwaita wazazi ofisini kwa hedimasta, akasema kwa kuwa hakuna karatasi tutahesabu kwa njaa ya mihogo, ile ya mwaka wa 1943 tulipokula mihogo mikavu, ambayo kila mzazi kati yetu anaikumbuka kwa tumbo lake. Aliyezaliwa kabla ya njaa ni wa timu kubwa, aliyezaliwa njaa ikiisha ni wa timu ndogo, na kila mzazi atasema mwenyewe na neno lake litaandikwa. Baba Karanja alitangulia. Akasema, "Kabla ya njaa. Mwaka mmoja kabla."

Mwalimu akamwambia, "Mzee, unajua hapo umemtoa mtoto wako timu ndogo?"

"Najua. Andika."

Kisha nikaulizwa mimi, naye Baba Karanja angali mlangoni na kofia yake mkononi, na mimi nikamwona Ndung'u nje ya dirisha, ameibana pua yake kwenye kioo, nikasema, "Wangu alizaliwa njaa ikiisha."

Tulipotoka, Baba Karanja alitembea nami hadi langoni, akasema bila hasira, "Umeanza kuzeeka, ndugu yangu. Umeanza kusahau." Nilijua ananipa nafasi ya kurudi ndani niseme nimekosea hesabu, lakini nikamjibu, "Ni kweli, siku hizi nasahau," nikaenda zangu.

Ndung'u alipewa jezi namba saba, amecheza mechi tano, amefunga magoli sita, na Jumamosi ya tarehe 26 lori litawapeleka Gilgil kwa fainali. Nilidhani mambo yamepita, lakini ilipoanza kuzungumzwa habari ya tohara ya Desemba, Baba Karanja alileta ujumbe, kwa heshima kabisa, kwamba Karanja ataingia mwaka huu, na wangu, kwa kuwa ni mdogo, atangoja. Mshauri, wewe unajua kwetu rika ni nini. Watoto hawa walikuwa waingie siku moja, watoke ndugu wa rika moja mpaka kufa kwao, na sasa mmoja atakuwa mwanaume na mwingine atabaki kihii, mtoto asiyetahiriwa, wa kutumwa maji, na ni kwa neno langu mimi.

Uwanjani wamekwisha kumpa Ndung'u jina la Mihogo. Juzi nilikuwa nimesimama kando nikamsikia Karanja akimwambia, "We Mihogo, niletee kiatu changu pale."

"Kifuate mwenyewe. Tuko sawa."

"Sawa na nani? Muulize baba yako, yeye ndiye alikuandikisha."

Wenzao wakacheka, na Ndung'u akaenda, akakileta kile kiatu. Jioni akaniuliza, "Baba, mimi na Karanja, nani mkubwa?" Nikamwambia amalize chakula chake. Wanjugu akasikia, akaniambia, "Niliwanyonyesha pamoja. Ama huyu nilimnyonyesha kabla hajazaliwa?" Tangu siku hiyo ananiandalia kama mgeni, chakula kizuri na maneno machache.

Nikisema ukweli sasa, nitamvua mwanangu jezi mbele ya wavulana mia sita siku chache kabla ya fainali, na labda shule itanyang'anywa mechi ilizoshinda. Nisiposema, Desemba inakuja. Je, si afadhali ningoje fainali iishe, kisha nimwendee Baba Karanja polepole, tuyamalize sisi wawili?

Mimi,
Mzazi Aliyesahau, Nakuru


MSHAURI ANAJIBU

Mzee wangu,

Jina ulilotia mwisho wa barua nalikataa. Hukusahau. Unakumbuka garimoshi, unakumbuka homa ya Mama Karanja, unakumbuka mpaka ziwa lipi lilinyonywa na nani. Mtu wa kumbukumbu kama hiyo hawezi kupotewa na mwaka mzima.

Lakini sikuhukumu kwa ukali unaoutazamia. Umetolewa mahali ulipotumia nguvu zako zote, hukupewa hata kijiti cha kuchukua, na siku hiyo mwanao akakutazama kupitia dirisha akitaka kitu kimoja, tena kitu ulichoweza kumpa kwa maneno manne. Wazazi wengi wangeyasema. Mimi nina watoto, sijui ningesema nini.

Sasa sikiliza hesabu yake. Mwaka uliompunguzia ulikuwa wa kwake, na alikuwa na kazi nao hiyo Desemba. Na shamba lenu la pareto limebaki katika vichwa vya watu wawili tu. Mmoja akisema hivi na mwingine vile, basi halikuwako. Ndiyo maana Baba Karanja alikusindikiza mpaka langoni. Angetaka kukuumbua angefungua mdomo pale pale mbele ya mwalimu. Alinyamaza akakungoja, na ujumbe wake wa Desemba ni kukungoja kwa mara ya pili. Amelichukua neno lako kama lilivyoandikwa, ili ulione lilivyo.

Tena liko jambo ambalo hukuliona kabisa. Barua yako ni ndefu, na Kiplangat umemtaja mara moja. Ikiwa Ndung'u na Karanja wote wawili walizaliwa kabla ya njaa, basi nafasi ile haikuwa ya nyumba yako wala ya rafiki yako. Ilikuwa yake. Wewe unalia juu ya walionyonyeshwa nyumbani kwako, na aliyenyimwa ni mtoto wa watu usiowajua, ambaye kila mechi anavaa viatu, anakaa, kisha anavivua. Unaniuliza kama ungoje fainali iishe. Ikiisha, utamrudishia nini?

Kwa hiyo hutangoja. Leo ni Jumamosi, tarehe 12, una wiki mbili, nazo zinatosha.

Kesho mkitoka kanisani, mwite Ndung'u mama yake akiwapo, umjibu swali alilokuuliza. Usimzungushe. Mwambie alizaliwa lini, na kwamba ulimdanganyia mwalimu, wala si yeye aliyedanganya. Kisha nenda kwa Baba Karanja kwa miguu yako, usitume mtu. Neno "nilisahau" lisitoke kinywani mwako. Sema "nilidanganya," kisha unyamaze yeye aseme. Akikutukana, umestahili, na hatakutukana sana. Mwombe akusindikize Jumatatu kwa Mwalimu Wasike, kwa sababu yeye ndiye shahidi pekee uliye naye duniani wa siku aliyozaliwa mwanao. Mechi zilizopita mwachie mwalimu. Wakizifuta, zifutwe, hiyo ni kazi yao na wewe utavumilia kulaumiwa. Jezi ifuliwe, ipigwe pasi, na Ndung'u amkabidhi Kiplangat mwenyewe, nawe usimame karibu yake ili wavulana wale mia sita wajue wa kuchekwa ni nani.

Habari ya Desemba usiizungumze ile siku ya kwanza. Mkitoka kwa mwalimu, Baba Karanja ataianzisha mwenyewe.

Ndung'u atalia. Mwache alie, wala usimwahidi kitu cha kumnyamazisha, maana kwa kutaka asilie ndipo ulipoanzia. Mwaka ujao yeye na Karanja watagombea timu kubwa, pamoja na wale wenye ndevu, na huenda wakaikosa wote wawili. Wakiikosa, wataikosa wakiwa rika moja.