Karatasi ya Mgongo

Liverpool, Sydney
14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Concilie,

Habari za Rumonge? Kifua kimepoa? Na Bigirimana bado anakataa dawa? Mwambie shemeji yake wa Australia amesema ameze. Mimi mzima, ila magoti na baridi ya huku vimepatana kunimaliza. Anayeniandikia ni Nicole wa kanisani. Ni Mkongo, Kirundi hajui, kwa hiyo nasema Kiswahili, na nimemkataza kunilainishia maneno.

Concilie, yule mtoto wa Gloriose anatutafuta.

Unajua Gloriose alitangulia huku, mimi nikabaki kambini kungoja ndege. Akajifungua peke yake, akashindwa, mtoto akapewa wazazi wengine kisheria. Nilipofika nilikuta mikono mitupu. Mpaka tunamzika hakujua mwanawe yuko wapi. Faili lilikuwa limefungwa.

Kumbe huku mtoto wa namna hiyo akitimiza miaka kumi na minane ana haki ya kuomba faili lake lifunguliwe. Ameomba, amepewa. Amesoma jina la mama yake, akaambiwa amefariki. Sasa anamtaka bibi yake. Anaitwa Diane, na anakaa treni mbili tu kutoka hapa. Zaidi ya hapo sijaambiwa.

Nimekwenda ofisi inayotunza mafaili hayo mpaka mlinzi ananisalimia kwa jina. Hawanikutanishi naye mpaka ijulikane kweli sisi ni damu. Majina yetu hayafanani, wakashangaa. Nikaeleza kwamba kwetu kila mtoto ana jina lake. Hilo walielewa. Kisha wakauliza kama nilimzaa Gloriose. Nikasema ni wangu. Wakauliza tena. Mkalimani, Bertrand, kijana wa kwetu Makamba, akaniinamia: “Bibi, wanauliza tumbo.”

“Tumbo lilimbeba miezi tisa,” nikamwambia. “Mgongo wangu ulimbeba mpaka akaota meno yote. Waulize, karatasi ya mgongo hawana?”

Alicheka, mjinga yule. Wala hakutafsiri.

Nilitaka kusema ndiyo, nilimzaa, yaishe. Nimechoka kiasi hicho. Lakini uongo ukijulikana, Diane atafungiwa tena.

Basi anayetakiwa ni wewe. Gloriose ulimzaa wewe, ukanipa akiwa mchanga kwa sababu mimi sikujaliwa. Tangu siku hiyo hukulitamka, si kwangu, si kwake, hata alipokuita mama mdogo mbele za watu. Sasa nakuomba ulitamke. Nenda ofisi ya komini na kijana wako Anicet, useme ulimzaa, wakupe karatasi yenye muhuri. Bertrand anasema ukishakubaliwa kuwa bibi yake, utaweza kuniandikisha na mimi, dada yako. Nitaingia nyuma yako. Sioni haya.

Usinijibu kwamba utaniumiza. Kinachoniuma ni mtoto kukaa treni mbili kutoka hapa bila mtu wa kumwambia anafanana na nani.

Nisalimie Bigirimana, Anicet na wote wa nyumbani. Mungu akushike mkono utakapofungua kinywa mbele ya wale watu.

Siku ya msiba ulinipigia simu ukanipa pole. Leo pokea ya kwako: pole sana, Mama Gloriose.

Wako akupendaye,
dada yako Anésie