Kamba ya Katikati ya Kiwanja

Mdogo wangu,

Sisi wazima, ila cherehani yangu imeanza kukohoa. Jana nilikwenda kwenye kikao cha madiwani. Walibishana wee, mwisho wakapitisha: kiwanja hakigawanywi mpaka kila kipande kiguse barabara kwa mita nane. Nami cha marehemu baba nilishakipima upande wa barabarani kwa futi yangu ya ushonaji: mita kumi na mbili tu! Basi hakuna tena kukigawa. Nikapiga makofi peke yangu. Mwenyekiti akauliza, "Mama, kwani umepata nini?" Nikamwambia, "Nimerudishiwa mdogo wangu."

Ile kamba uliyoifunga katikati ya uwanja siku tuliyotupiana maneno, sikuifungua. Naanikia nguo. Nimekuachia nafasi ya mashati yako. Njoo nayo hata machafu.

Dada yako, mkaidi yule yule