Shokapu za Gari la Marehemu Sadick

MAELEZO YA SHAHIDI: AJALI YA BARABARANI

Jina: Hemedi Ussi Shaabani
Umri: Miaka 43
Dini: Muislamu
Kazi: Fundi magari
Makazi: Kilindoni, Mafia
Tarehe na saa: 19/08/2024, saa 3:10 asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nina gereji yangu Kilindoni, na kazi hii naifanya mwaka wa kumi na tisa sasa. Sikuitwa kituoni, nimekuja mwenyewe. Marehemu Sadick Sufiani, miaka 27, alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu Shufaa.

Mwezi wa saba Sadick alirudi kutoka Dar es Salaam na gari lake la spoti, jekundu, la milango miwili. Alilipenda kupita kiasi. Shokapu za nyuma zilikuwa zimekwisha, kila shimo gari lilinesa kama kitanda cha kamba. Nilimwambia zibadilishwe kabla ya jambo jingine lolote.

Mnamo tarehe 14/08/2024, siku ya Jumatano, majira ya saa 4 asubuhi, alikuja gereji na jozi mbili za shokapu. Ya kwanza ilikuwa mpya, ya kawaida, ya gari la aina ile ile. Ya pili ilikuwa fupi na imetumika, imetolewa kwenye gari la mashindano, alipewa na rafiki yake. Nilizijaribu moja moja kwa kuzikandamiza sakafuni. Zile mpya zilishuka kwa ubishi, ndivyo shokapu inavyotakiwa. Katika zile fupi, moja ilikuwa nzima. Nyingine ilizama bila kubisha, kama mwiko kwenye uji, na oili ilikuwa imevuja kwenye shina lake.

Nilimwambia, "Hii imekufa. Chukua mpya."

"Mpya zitalinyanyua gari, shemeji. Mimi nalitaka lilale chini."

"Barabara ya Utende ina sehemu zimebonyea. Upande mmoja ukishika na wa pili usishike, mkia utakukimbia."

Akacheka. "Hili si gari la kubebea mbata. Funga hizo. Kama huwezi niambie, nimpelekee fundi mwingine."

Neno hilo liliniuma. Nikaifuta ile oili kwa kitambaa, nikazifunga. Kazi ilikwisha saa 8 mchana. Nililiendesha mwenyewe hadi uwanja wa ndege na kurudi, na kwenye kona nikauhisi mkia ukitaka kuhama. Nilimwambia asizidi hamsini. Nilichohisi sikumwambia. Jioni mke wangu aliniuliza, "Umemfungia vitu vya maana mdogo wangu?" Nikamjibu ndiyo.

Mnamo tarehe 16/08/2024, siku ya Ijumaa, majira ya saa 10:20 jioni, Sadick alitoka Kilindoni kuelekea Utende. Nilikuwa na wasiwasi, nikamfuata kwa pikipiki, nyuma yake kama mita mia mbili. Kwa kukadiria alikuwa kwenye themanini. Karibu na Kiegeani barabara imebonyea. Gari lilipoingia pale mkia uliruka, ukatua, ukaruka tena, mara tatu, kila mara juu zaidi. Likageuka ubavu, likatoka barabarani na kugonga mnazi upande wa dereva.

Dereva wa bodaboda aitwaye Kombo alikuwa kwenye njia ya shamba, mkono wa kushoto. Naomba liandikwe hivi hivi: alikuwa amesimama. Mguu wake ulikuwa chini, anasubiri gari lipite. Hakuingia barabarani.

Nilifika wa kwanza. Sadick alikuwa hai. Alinitambua, akasema, "Shemeji, limenikimbia." Nilimpakata kichwa, nikamtamkisha shahada. Alikata roho kabla hatujapata gari la kumpeleka hospitali.

Watu walipokusanyika, mmoja alipaza sauti kwamba bodaboda ndiye aliyemkatiza. Wakamvamia Kombo, wakampiga. Yeye alikuwa ameniona nikija nyuma ya gari. Akaniita, "Fundi, si umeona? Waambie!" Kichwa cha shemeji yangu kilikuwa bado mapajani mwangu. Sikusema kitu. Wakampiga tena mpaka askari walipofika.

Jumamosi tulizika Baleni. Nilikuwa mmoja wa waliomwosha. Baba mkwe alinishika mkono mbele ya watu, akasema Mungu anilipe, maana nilimhangaikia mwanawe. Jana nikasikia kwamba Kombo, ambaye yuko mahabusu hapa tangu siku ile, atafikishwa mahakamani.

Leo baada ya sala ya alfajiri nilimweleza mke wangu yote. Aliniuliza, "Ulijua?" Nikawa najieleza habari za fundi mwingine. Akauliza tena, "Hemedi, ulijua?" Nikasema nilijua. Hakulia. Aliingia chumbani, akatoka na mashati yangu mawili yamekunjwa, akayaweka mlangoni. Sikumuuliza kama ni ya kuja nayo hapa au ni ya kwenda zangu moja kwa moja. Nimeyaacha pale pale.

Afande ameniuliza kama naelewa ninachosema. Naelewa. Sadick alichagua, lakini hakuwa fundi.

Maelezo yangu yanaishia hapa. Nimesomewa yote, na sina neno ninalotaka lifutwe.

Saini: H. U. Shaabani

MAELEZO YA MWANDISHI: Nimeyaandika mimi, WP Koplo Biubwa Sudi, kama yalivyotoka kinywani mwa shahidi. Alipofika kwenye habari za tarehe 14/08 nilimsimamisha, nikamwonya kwamba anayoyasema yanaweza kutumika dhidi yake. Aliomba kwanza amalize la Kombo. Saa 5:05 asubuhi nimefunga maelezo haya na kufungua maelezo yake ya onyo, kama mtuhumiwa. Ameomba asiwekwe chumba kimoja na Kombo. Nimemfahamisha kwamba kituo kina chumba kimoja tu cha mahabusu.