Mkungu Uliosifiwa Mnadani

Jumapili

Mimi nina mkono wa bahati, hilo halina ubishi. Nikichomeka mgomba hata juu ya jiwe, unazaa.

Leo baada ya ibada hapa Akheri, mkungu wetu wa ndizi ulibebwa na wanaume wawili hadi mnadani, pale sadaka za mazao zinapouzwa. Mzee wa kanisa akauzunguka, akasema, "Baba Eliya, huu si mkungu, huu ni ndama." Watu wakapiga makofi. Nikapunga mkono kama mbunge.

Ubaya wa sifa sasa. Wakaniomba Jumamosi nikifundishe kikundi kizima cha wakulima siri yangu, nami kwa utamu wa makofi nikakubali. Mke wangu alikuwa pembeni, akisikia yote.

Nyumbani nikamwambia, "Mama Eliya, wewe una mkono mzuri sana wa migomba."

Akaacha kumenya ndizi, akanitazama. "Unataka nini?"

Miaka kumi na tisa ya ndoa, halafu nikimsifu anadhani ni mtego. Nilicheka, kisha aibu ikanishika.

Jumamosi atasimama yeye, mimi nitakaa nipige makofi. Sina mkono wa bahati. Mgomba ule aliupanda yeye, samadi akabeba yeye, na mimi hata maji sijawahi kuumwagia.