Ameniposa kwenye Rekodi Isiyofutika

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, na naomba usicheke kabla sijamaliza, maana hata mimi ninapoandika barua hii nacheka na kutetemeka kwa pamoja, mpaka mhudumu wetu wa ofisi ameniuliza kama nina homa.

Mimi ni mtengenezaji wa programu za kompyuta katika kampuni ndogo ya shangazi yangu, dada yake baba, ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la miwani, na programu yetu kazi yake ni kutunza siri za makampuni, yaani zile nywila na funguo za mitambo ambazo watu wengine huziandika kwenye karatasi na kuzibandika ukutani, na mwenzangu tuliyegawana naye kazi, ambaye sote tunamwita Taratibu kwa sababu hata chai huikoroga kama anayepima dawa, yeye anashughulikia mlango, kuhakikisha kwamba anayeingia ndiye mwenyewe kweli, kwa nywila, kwa alama ya kidole na kwa namba inayotumwa kwenye simu yake, na mimi nashughulikia ukaguzi, yaani kila siri ikiguswa ibaki rekodi ya nani aliigusa, saa ngapi na kwa nini. Kwa kifupi yeye humuuliza mtu wewe ni nani, mimi humuuliza umekuja kufanya nini.

Sasa mshauri, hiyo "kwa nini" ndiyo iliyoniponza. Mtu akitaka kufungua siri lazima aandike sababu, kisha mwenzake abonyeze Kubali au Kataa, na sisi kwa ajili ya majaribio tuliweka siri moja ya uongo, haina kitu ndani, na kila asubuhi Taratibu aliomba kuifungua nami nikamkubalia, mwanzoni akiandika "Jaribio", baadaye "Jaribio, na kujua kama umeamka salama", baadaye "Sababu ya kikazi sina, napenda tu kuona jina lako limenikubalia", nami nikajifanya kumkemea, nikaomba kwa upande wangu nikaandika "Acha utoto, fanya kazi", kesho yake nikaandika "Mbona leo umechelewa", na mambo yakanoga, tukawa tunaongea humo kuliko tunavyoongea mezani, ambako maneno yake kwangu ni "samahani" na "asante" tu.

Wiki iliyopita sababu ilisomeka hivi: "Naomba tuoane. Ukiwa tayari, bonyeza."

Sikubonyeza. Si kwamba simtaki, mshauri, namtaka, lakini nilitaka kwanza nipumue, nikaenda dirishani, nikarudi nikaisoma tena, nikaenda kunawa uso, nikarudi nikaisoma tena, mpaka jioni ikafika na programu ikaandika kama nilivyoifundisha mwenyewe: "Ombi limekwisha muda bila kujibiwa." Tangu siku hiyo hajaomba tena. Ananiambia "Habari za kazi, dada" kama karani anayemhudumia mteja, na hilo "dada", mshauri, linanichoma.

Na hapo ndipo anapoingia shangazi. Alhamisi wanakuja wageni wa benki kuiangalia programu kabla hawajainunua, na shangazi amesema, "Nataka waone rekodi yetu wenyewe, siyo ya kuchora. Nitaifungua mimi kwa mkono wangu."

"Shangazi, si bora tuwaandalie mfano mzuri?"

"Mfano wa nini, na ya kweli ipo? Au kuna mtu amefanya madudu yake humo?"

Nikamjibu hakuna, shangazi.

Nilijaribu kufuta. Programu ikakataa, halafu ikaandika chini, pamoja na jina langu kamili: "Alijaribu kufuta." Na kila nikirudi kuyasoma yale maneno yake, hilo nalo linaandikwa, kwa hiyo sasa rekodi nzima ni jina langu likisoma ombi lile lile, asubuhi, mchana, jioni, kama mtu aliyerukwa na akili. Naweza kuitengenezea programu kijimlango cha siri cha kufutia, mchana mmoja unatosha na hakuna atakayejua. Je, nifanye hivyo? Na Taratibu nimwambie nini, naye ameshaamini nimemkataa?

Mimi,
Mkaguzi Mwenye Jasho

*

Mwanangu Mkaguzi,

Nilijizuia kucheka kama ulivyoniomba, lakini nilipofika kwenye "Alijaribu kufuta" nilishindwa. Nimeipitisha barua yako mbele ya nyingine ili jibu likufikie kabla ya Alhamisi.

Tuanze na kijimlango. Usithubutu. Mnawauzia watu ahadi moja tu, kwamba kilichofanyika hakifutiki hata na aliyeitengeneza programu, na wa kwanza kuivunja uwe wewe, kwa aibu ya kupendwa? Kijimlango hicho hakitajua kwamba kilijengwa kwa ajili ya mapenzi. Siku mwizi akikigundua, kitamfungukia naye.

Tena nikuambie jambo. Nimeishi mbali na kwetu kwa muda mrefu kuliko nilivyoishi kwetu. Marehemu mume wangu aliniandikia barua za uchumba kwa wino wa kijani, na tulipoondoka kwa haraka zilibaki ndani ya droo ya meza ya kushonea. Wino naukumbuka, na jinsi alivyoikunja karatasi pembeni. Maneno yenyewe nimebaki na machache, na siku hizi sina hakika kama ni yake au nimeyatunga mimi. Wewe umeposwa mahali ambapo huwezi kupoteza hata nukta, halafu unatafuta kifutio!

Lakini usijione huna kosa. Pale pa kuandika sababu ni mahali pa kazi, na nyinyi wawili mmepageuza kibaraza. Na lile "hakuna, shangazi" ni baya kuliko yote, kwa sababu umemwachia mama wa watu afungue mbele ya wageni kitu asichokijua. Taratibu naye ana lake: mwanamume mzima anaposa kwa kitufe! Hata hivyo, yeye namsamehe upesi. Wengi ninaoandikiwa habari zao hapa, hata jina lao kamili ni shida kulipata. Huyu amejithibitisha kwa nywila, kwa kidole na kwa simu kabla hajatamka neno.

Na unadhani hujamjibu. Mwanangu, umemjibu asubuhi, mchana na jioni, kwa jina lako kamili. Kama hajaiangalia rekodi hiyo, ni adabu yake tu inayomzuia.

Basi fanya hivi. Usifungue ombi jipya humo, wala usiandike sababu nyingine. Vuta kiti mpaka mezani kwake umwambie kwa sauti: "Niliogopa, sikukataa. Nataka." Kisha nyamaza. Mtu aliyezoea kuandika huchukua muda kuipata sauti yake, kwa hiyo usimmalizie sentensi.

Baada ya hapo nendeni nyote wawili kwa shangazi, mfunge mlango, mumweleze yote, na kujaribu kufuta pia. Atafoka. Mwacheni afoke, akichoka ataanza kuuliza harusi lini. Maneno ya Taratibu wageni wasiyaone bila idhini yake. Waandalieni rekodi ya mfano na muwaambie wazi kwamba ni ya mfano. Ila mstari mmoja wa kweli ningewaonyesha, kwa kuwa ni wako peke yako: "Alijaribu kufuta." Benki ikiona kwamba fundi mwenyewe alijaribu akashindwa, itahitaji maelezo gani tena?

Nawe fanya haraka. Gazeti hili hutoka alfajiri, na mashangazi wenye kampuni hulisoma kabla ya kufika ofisini. Kama umefika mstari huu na bado umekaa, jua shangazi yako ameshakutangulia kuusoma.