Gerrit Hoekzema, na Wanaume Arobaini na Watatu Tuliowanyamazisha

Mwaka umetimia, Gerrit, tangu asubuhi ile ya Machi ulipotoka kuondoa theluji mlangoni ukaanguka, koleo likiwa bado mkononi. Ulikuwa na miaka hamsini na minane. Curtis wako alikuwa jikoni anakukaangia mayai.

Uliendesha basi la shule kwa miaka ishirini na sita, na ikifika Oktoba hakuna mtoto wa basi lako ambaye hakuzijua nyimbo za Krismasi. Ulikuwa unajifunza nyimbo za kwaya huku umeshika usukani, nao wakizidaka. Ulimjua kila mtoto kwa jina, na mbwa wake pia. Aliyesahau glovu ulimvalisha zako, kisha ukaendesha huku unapulizia vidole.

Mfukoni hukukosa peremende, zile tunazopitishiana kanisani mahubiri yakianza. Curtis anasema hata waimbaji wenzako wa besi, ile sauti nene, walizizoea. Kabla ya kupanda jukwaani kila mmoja alikunyooshea mkono, na asiyepata alinuna.

Uliimba miaka kumi na tisa katika Kwaya ya Wanaume Mashoga ya Kingo za Mto, matamasha mawili kila mwaka, Desemba na Juni. Sisi ndugu zako hatukuja hata mara moja. Kila mara ulituletea tiketi, na kila mara tulikuwa na mgonjwa, au mgeni, au barafu barabarani. Mwezi wa Juni barafu tuliitoa wapi, Mungu ndiye ajuaye.

Mama aliuonja kidogo uimbaji wako. Jumamosi ulikuwa unamwoshea vyombo huku unaimba sehemu yako ya besi, pum, pum, pum, mpaka anacheka.

"Gerrit, mbona huo wimbo hauna kichwa wala miguu?"

"Hiyo ni sehemu yangu tu, Mama. Njoo siku moja uusikie mzima."

"Haya, tutaona."

Baba alipokuwa hai alisema kwenda huko haiwezekani. Alipofariki, sisi tukaendelea kusema hivyo kwa niaba yake.

Yanayofuata nayaandika mimi, dada yako Marlys, kwa sababu simu nilishika mimi. Siku mbili kabla ya mazishi Curtis alipiga akasema kwaya inaomba kukuimbia wimbo mmoja kanisani. Mdogo wetu Dirk alikuwa kando yangu anatikisa kichwa.

"Waje, Curtis, lakini wasiimbe," nikasema.

"Hata nyimbo za ibada, pamoja na watu wengine?"

"Wasiimbe chochote. Zikisikika tu sauti zao, kanisa zima litageuka kuwatazama. Mama ni mzee, tumhurumie."

"Sawa, Marlys. Nitawaambia."

Walikuja arobaini na watatu, wamevaa suti nyeusi, wakakaa viti vya nyuma kama tulivyowapangia. Ikaja zaburi. Unalijua kanisa letu, hata asiyeweza kuimba huimba. Wale wenzako wakasimama na vitabu wazi mikononi, midomo wameifunga, wengine machozi yanawatoka. Hakuna aliyeimba hata neno moja. Mama akanivuta mkono.

"Mbona wale hawaimbi? Si ndio waimbaji wenzake Gerrit?"

"Wamezidiwa na huzuni, Mama."

Uongo huo niliusema mbele ya jeneza lako. Na kana kwamba haukutosha, gazetini tuliandika kwamba uliimba katika "kwaya ya mtaa", na Curtis tukamwita "rafiki wa marehemu".

Majuto ni mjukuu, na wetu alichukua miezi kumi kufika. Januari hii Curtis alikuja kumkwangulia Mama barafu kwenye ngazi, kazi uliyokuwa ukiifanya wewe. Mama akamkaribisha kahawa, kisha akamuuliza waziwazi kwa nini siku ya mazishi kwaya haikuimba. Curtis akanitazama. Asingenisema kamwe, Gerrit; angenyamaza mpaka leo. Ila mimi ndiye niliyeshindwa kunyamaza.

"Mimi na Dirk tuliwakataza, Mama."

Mama akaweka kikombe mezani. "Mliwakataza wasimwimbie mwanangu?"

"Tulikuwa tunakulinda."

"Nani aliwaomba mnilinde? Mimi niliwafulia Gerrit na Curtis mashuka ya kitanda kimoja, mashine yao ilipoharibika. Mlidhani nafikiri wamepanga chumba pamoja tu?"

Dirk, aliyekuwa mlangoni, uso ukamwiva. Akavua kofia. "Shemeji," akamwambia Curtis, "tunaomba kwaya ije makaburini siku ya mwaka, imwimbie."

"Leo nimekuwa shemeji! Miaka kumi na tisa nilikuwa 'yule rafiki wa Gerrit mwenye gari la kijani'." Curtis akacheka, na Mama akacheka, halafu Curtis akaacha kucheka. "Watakuja. Lakini mjue kwamba walishamwimbia, siku ile ile. Nyinyi mlipoingia ukumbi wa kanisa kula mikate ya nyama baada ya maziko, sisi tulibaki kaburini. Tuliimba karibu nusu saa kwenye theluji. Tuliimba zote alizozipenda."

"Na mimi nilikuwa hapo ukumbini, hatua mia moja," Mama akasema. "Mbona hamkuniita?"

"Tuliambiwa usisikie, Mama."

Nami sikuwa na pa kuangalia. Mama ana miaka themanini na sita, Gerrit, na ile ndiyo nafasi aliyokuwa nayo ya kukuaga kwa nyimbo zako, nami ndiye niliyempokonya.

Jumamosi hii, saa nane mchana, Kwaya ya Wanaume Mashoga ya Kingo za Mto itakuimbia makaburini. Mama atakuwepo, na sisi sote. Tunajua tumechelewa. Ungekuwa hai ungetutania, ungeuliza kama barafu imeyeyuka, na tungeona heri utuchape kuliko kututania.

Unakumbukwa na mumeo, Curtis Obuchowski, ambaye jina lake lilistahili kutangulia tangu mwaka jana. Unakumbukwa na mama yako, Wilma. Dada yako, Marlys. Mdogo wako, Dirk, na mkewe Jolene. Wapwa zako Annika na Bram. Watoto wote wa basi lako. Na wanaume arobaini na watatu, ambao mbele yao tunaomba radhi.

Hatutakusahau kamwe, Gerrit. Wala hatutasahau kwamba saa uliyoimbiwa kaburini, sisi wa damu yako tulikuwa ndani tunakula.