Mate ya Funga ya Kwanza

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba. Huku Kinole babu yako kikohozi kimempungua, na mdalasini tumeshauanika.

Umeuliza neno kumeza lilianzia wapi, hata watu wakasema wamemeza hasira. Asili yake siijui. Najua siku liliponiingia mimi. Nilikuwa mwanafunzi, nimefunga Ramadhani yangu ya kwanza, nikiamini kumeza mate kunaharibu funga. Basi nikawa natema njia nzima. Nilipotema mbele ya nyumba ya Bi Mwanaidi, jirani yetu mgonjwa, kumbe yuko nyuma ya mlango, anakunywa uji kwa kujificha.

“Unanitemea mate kwa kuwa sifungi?” akaniuliza, akichungulia mlangoni na bakuli lake.

Nilitamani ardhi inimeze. “Hapana, shangazi! Naogopa kuyameza, nitakuwa nimefungua.”

Akacheka mpaka akakohoa. “Mate yako mwenyewe, we mtoto? Hebu meza nione.”

Nikameza, machozi yananitoka. Akavuta kigoda nje, akamalizia uji wake mbele ya wapita njia.

Aibu ile, mjukuu wangu, mpaka leo sijaimeza yote.

Akuombeaye heri,
Bibi yako